Hedimasta Mbele ya Ngoma Kubwa

Hedimasta alipobisha mlangoni kwangu, nilijua ni yeye kabla hajasema hodi. Watu wengine hugonga mara mbili wakasubiri. Yeye alianza taratibu, ko, akatulia, ko, akatulia kidogo, kisha akaanza kukaza mwendo, ko ko ko, mpaka mlango mzima ukawa unatetemeka na mimi natoka bafuni mbio na sabuni masikioni. Ukimfungulia unamkuta amesimama wima, kofia mkononi, koti limefungwa vifungo vyote hadi kidevuni, kana kwamba aliyekuwa akibomoa mlango ni mtu mwingine aliyekwisha kukimbia.

"Hujambo, Sista? Natumaini sijakusumbua."

Alikuwa amenisumbua, na wote wawili tulijua.

Siku hizi mlango wangu hugongwa na watu wa kuleta mizigo tu, nao hugonga vizuri kabisa, na kila wakigonga nasikitika kwamba si yeye.

Kila Mkenya wa jengo letu la Coon Rapids, huku Minnesota, alimwita Hedimasta akiwa hayupo, na Mwalimu akiwepo. Alikuja kumtembelea binti yake, nesi mwenzangu aliyekaa ghorofa ya juu yangu, na ziara ikawa miaka. Hakuna hata mmoja wetu aliyesoma katika shule yake, lakini sote tulisoma kwa mtu wa aina yake, na hilo lilitosha. Madereva wa malori wenye ndevu na watoto wakubwa walizima muziki wakimwona anakatiza mbele ya gari. Mimi mwenyewe, nesi wa miaka mingi niliyezoea kuwaamrisha madaktari, nilikuwa natema bazoka nikisikia viatu vyake kwenye ngazi.

Ugonjwa wake mkubwa ulikuwa mashati. Hakuweza kupita karibu na shati lililo nje ya suruali akanyamaza. "Kijana, chomekea," alikuwa akisema, hata kama kijana mwenyewe ana wajukuu. Alipata kumwambia hivyo msimamizi wa jengo letu, Mzungu mmoja mnene na mpole, kwa Kiingereza kilichonyooka kama rula, na yule Mzungu akachomekea palepale ndani ya lifti, tena akaomba radhi. Mimi naye tulipambana mpaka mwisho.

"Sista, shati liko nje."

"Mwalimu, hii ni uniform. Scrubs zinavaliwa hivi."

"Nani amesema?"

"Hospitali."

"Hospitali ina maoni yake," alikuwa akijibu, akapiga hatua mbili, akageuka tena kuniangalia kiunoni. Sikuchomekea. Naye hakuacha kusema.

Kanisani aliketi safu ya mbele, na wanakwaya walimwogopa kwa sababu ya makofi yake. Wimbo ukianza, makofi hayo yalikuwa sawa na ya wenzake. Ubeti wa pili yalikuwa yametangulia kidogo. Kufika ubeti wa mwisho mpiga kinanda alikuwa anamfukuza Hedimasta, na kina mama walikuwa wanameza nusu ya maneno ili angalau wamalize siku moja naye, kumbe yeye ameshamaliza, ameketi, ameshafungua Biblia. Mchungaji hakuwahi kulalamika. Ibada zetu zilikuwa zinakwisha mapema kuliko za Wakenya wengine wote wa jimbo hili.

Ndiyo maana binti yake aliponiambia kwamba baba yake anataka kujifunza ngoma, nilidhani ananitania.

"Ngoma gani?"

"Za Wajapani, my dear. Aliona watu wakizipiga pale library, akasahau hata kurudi lunch. Sasa mimi weekend niko na double shift, na wewe Saturday si uko na yule client wako wa Saint Louis Park? Si utam-drop tu?"

Nikakubali kum-drop tu. Hiyo "tu" ilikula Jumamosi zangu mpaka siku aliyoondoka.

Darasa lilikuwa katika ghala moja la zamani nyuma ya ofisi za mawakala wa bima. Aliyefundisha alikuwa mwanamke mwembamba, umri wa binti yake Hedimasta, sauti ndogo, viganja vigumu kama vya seremala. Wanafunzi walimwita Sensei, ambalo ndilo neno la Wajapani la mwalimu, na Hedimasta alilikubali mara moja. Alisema ni vizuri kujua kwamba hata huko mbali mwalimu haitwi kwa jina lake la kwanza.

Siku ya kwanza nilibaki nione. Wenzake karibu wote walikuwa Wazungu wa hapahapa Minnesota, watu wapole mno, na walipomwona mzee wa Kiafrika anaingia na mgongo wake ulionyooka, walijitungia hadithi nzima vichwani mwao. Mmoja alimwinamia. Mwingine, daktari wa meno, alimwambia ni heshima kubwa kujifunza pamoja na mtu ambaye ngoma imo damuni mwake. Hedimasta, ambaye damuni mwake mlikuwa na chai na sukari nyingi kuliko alivyoruhusiwa, hakukanusha. Aliwashukuru kwa niaba ya bara zima.

Kisha akapewa vijiti viwili, vinavyoitwa bachi, akaonyeshwa mdundo wa mtoto wa chekechea: don, don, don, don, basi, usibadilishe kitu. Akaanza vizuri. Nikaona watu wanatikisa vichwa kwa kuridhika. Halafu ile don ya tano ikaja mapema, ya sita ikaikanyaga ya tano, na muda si muda alikuwa anaporomosha mvua ya vijiti peke yake huku wenzake wamebaki nyuma wamekodoa macho. Alimaliza, akaviweka vijiti chini, akasubiri.

"Well," alisema yule daktari wa meno, "that was different."

Mtu wa Minnesota akikuambia jambo lako ni different, usiulize zaidi. Hapo ameshatukana mpaka mwisho wa uwezo wake.

Sensei alimpeleka pembeni, akampa tairi. Ndivyo wanavyofanya: mtu ambaye mikono yake haijakomaa hagusi ngoma, anapiga tairi kuukuu la gari lililozungushiwa utepe wa kufungia maboksi, mpaka atakapotulia. Wengine hupiga tairi wiki chache. Hedimasta alipiga tairi majira yote ya baridi, akapiga mpaka theluji ikayeyuka, akapiga mpaka ikaanguka nyingine. Kanisani wakimuuliza anaendeleaje, alisema yuko katika hatua ya maandalizi.

Basi, kwa kuwa mikono ilimkatalia, alihamia kwenye majina, na huko hapakuwa na wa kumshinda. Alijifunza jina la kila ngoma iliyokuwamo mle ghalani, na za Japani ambazo hata Sensei hakuwa nazo. Kisha, kwa kuwa alikuwa mwalimu na mimi nilikuwa karibu, akanifundisha mimi, katikati ya Haiwei 100, theluji inadondoka, wiper zinalia, lori limetuziba mbele.

"Zote ni taiko, Sista, yaani ngoma. Lakini kuiita kila ngoma taiko ni sawa na kumwita kila mtoto 'wewe'. Siku ya kuadhibu utamwadhibu nani?"

"Mwalimu, naomba nipite hili lori kwanza."

"Pita. Ile ndogo, iliyokazwa kamba mpaka sauti yake ikawa kali?"

"Shime-daiko."

"Kazi yake?"

"Kushika mwendo, wengine waufuate."

"Vizuri. Huyo ndiye kiranja. Na ile iliyochongwa kwa gogo zima, ngozi imepigiliwa kwa misumari?"

"Okedo."

"Sista!" Alishika dashibodi kana kwamba nimegonga mtu. "Okedo-daiko ni mbao zilizounganishwa kama pipa, zikafungwa kamba, mtu akaivaa begani akatembea nayo. Huyo ni mtoto wa kutwa, jioni anarudi kwao. Wa gogo zima ni nagado-daiko. Huyo ni wa bweni, anakula vizuri, ana mwili."

Kila ngoma aliipa nafasi yake shuleni. Uchiwa-daiko, ngozi iliyowambwa kwenye duara lenye mpini, kama kipepeo cha kupepea mkaa, ilikuwa ya chekechea. Tsuzumi, ile yenye kiuno chembamba inayowekwa begani na kupigwa kwa vidole, ilikuwa msichana wa kwaya, anapendeza lakini usimpe kazi nzito. Tulipofika kwenye odaiko alishusha sauti. Hiyo ndiyo ngoma kubwa kuliko zote. Ilikaa juu ya kitako chake cha mbao mwisho wa ghala, ngozi yake ni pana kuliko meza yangu ya kulia chakula, na ikipigwa unaisikia kwenye magoti kabla ya masikio.

"Na hiyo ni mwanafunzi gani, Mwalimu?"

Aliniangalia kwa huruma. "Hiyo si mwanafunzi, Sista."

Akiingia ghalani alizisalimu zote kwa majina, moja moja, kama mtu anayeita daftari la mahudhurio, na asipoiona mojawapo aliuliza iko wapi na kwa ruhusa ya nani. Mjukuu wake, tuliyewahi kwenda naye, aliona haya mpaka akajifunika uso kwa kofia ya sweta. "Babu, it's not your school," alimnong'oneza. Lakini wenzake walipenda. Kabla ya hapo walikuwa wanasema ile kubwa, ile ya kati, ile nyingine. Hedimasta alianza kuwapa mtihani wa mdomo wakati wa kunywa maji, na nilimwona kwa macho yangu daktari wa meno akitoka jasho, anatazama nagado, anatazama okedo, ananitazama mimi nimsaidie. Nikageuza uso. Kuiba mtihani mbele ya Hedimasta sikuthubutu.

Hata midundo aliijua kwa mdomo. Sensei alifundisha kwanza kwa kutamka, don kwa pigo la katikati ya ngozi, ka kwa pigo la ukingoni, doko kwa mapigo mawili ya upesi, na Hedimasta aliona hizo ni silabi tu, kazi aliyoifanya tangu ujana. Aliweza kutamka wimbo mzima bila kuteleza, sauti imetulia, kidole kinahesabu hewani. Ukimpa vijiti, mikono inasikiliza silabi mbili tatu za mwanzo halafu inaondoka zake.

Mtu huyu, ambaye sikumsikia hata siku moja akimsifu mtoto wa mtu, na ambaye binti yake alipopata digrii ya pili alimuuliza waliobaki walipata nini, alikuwa akiifuta odaiko vumbi kwa leso yake mwenyewe na kuiambia, kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini, "Leo umependeza." Nilimsikia. Alijua nimemsikia. Njia nzima ya kurudi alinihoji majina mpaka nikasahau nilichosikia, ndivyo alivyodhani.

Tatizo lilikuwa kwamba alitaka kuipiga. Si kwa mzaha; alitaka kama mtu anavyotaka maji. Na Sensei, kwa ile sauti yake ndogo, alikuwa na sharti moja tu: haigusi odaiko mtu ambaye hajaweza kushika mwendo wa shime-daiko, wimbo mzima, bila kukimbia. Kila baada ya miezi kadhaa Hedimasta aliomba kujaribiwa. Kila akijaribiwa alikimbia.

Tena, kama vile sharti hilo halikutosha, yeye mwenyewe alikuwa na pingamizi. Mpigaji wa odaiko husimama akiitazama ngoma, watu wote wako nyuma yake.

"Mimi nimefundisha maisha yangu yote sijawapa watoto mgongo," alimwambia Sensei. "Ukiwapa mgongo, ukigeuka hukuti darasa. Hata ubaoni nilikuwa naandika ubavu ubavu. Hatuwezi kuigeuza?"

"Hapana, Hedimasta," alisema Sensei, maana naye alishaanza kumwita hivyo. "Hapo ni wewe na ngoma tu. Watu unawaamini kwamba wapo."

Hilo la kuwaamini watu kwamba wapo lilimsumbua mpaka Coon Rapids. "Huyo hajafundisha darasa la saba," alisema hatimaye, tukiwa tayari tumeegesha gari.

Majira ya baridi ya pili kundi lilialikwa kupiga katika ukumbi mmoja mdogo kule Anoka, na Sensei, kwa huruma, alimweka Hedimasta pembeni kabisa na ngoma bapa ambayo hata ikikosea haisikiki sana. Mimi na binti yake tulikaa nyuma, tumeshikana mikono. Walianza vizuri. Halafu nikaona bega lake la kulia linaanza kukaza. "Aki Dad, no," binti yake alisema. Mikono ya Hedimasta ikaondoka zake, na jambo ambalo Sensei hakulitarajia likatokea: wale Wazungu wapole hawakuweza kuvumilia kumwacha mzee aende peke yake. Mmoja akamfuata, wa pili akamfuata, na kundi lote likaporomoka nyuma yake kama kwaya yetu Jumapili. Wimbo wa kujaza nusu ya kipindi ulikwisha watu hawajamaliza kuvua makoti. Mpiga filimbi wa kundi alibaki peke yake, akapuliza kidogo, akaacha. Wasikilizaji walisimama wakashangilia, wakidhani ndivyo wimbo wenyewe unavyokuwa.

Sensei hakumfokea. Alimwambia tu kwamba kuanzia siku hiyo, badala ya kupiga, atakuwa anasimama mbele na kuwajulisha watu ngoma na majina yake, kwa kuwa hakuna anayezijua kama yeye. Wote wakapiga makofi. Hedimasta akainamisha kichwa, akashukuru kwa hotuba fupi.

Garini, tulipokaribia nyumbani, alisema:

"Nimepewa bustani, Sista."

"Bustani gani, Mwalimu?"

"Shuleni, mwalimu akishindwa kabisa kufundisha, humfukuzi. Unamwita ofisini, unamwambia ana kipaji cha pekee, unampa bustani ya shule aisimamie." Aliangalia nje dirishani. "Nimewapa wengi bustani. Wote walinishukuru hivyo hivyo."

Nilitaka kucheka na sikuweza. Nilimwonea uchungu kama baba yangu.

Alitangaza, basi. Aliambiwa aseme machache, na mnajua mzee wetu akipewa machache anayafanya nini. Watu waliokuja kusikia ngoma walisikia kwanza habari za shime, nagado, okedo na ukoo wote, wakaulizwa maswali, wakarudia kwa pamoja. Lakini kila akifika kwenye odaiko alisema jina lake tu, akasogea, akampisha mwenye kuipiga.

Mwaka huo, jua lilipoanza kurudi, alibisha mlangoni kwangu, ko, akatulia, mpaka mwisho wake wa kawaida. Alikataa kukaa. Alisema ameamua kurudi nyumbani kabisa, tiketi imeshakatwa, ya kwenda bila kurudi. Goti limemchosha, na hataki tena kuishi mahali ambapo hali ya hewa inaweza kukuua ukitoka kutupa taka.

"Tumekukosea nini, Mwalimu?"

"Hakuna. Mmekuwa wanafunzi wazuri, ukiondoa mashati." Akaizungusha kofia mikononi. "Ila sikutaka kwenda nikiwa mtu aliyepiga tairi, Sista. Ningeigonga ile moja tu. Hata pigo moja, mbele za watu. Basi."

Jumamosi iliyofuata niliwahi kumchukua. Lilikuwa joto la kwanza la mwaka, na wanafunzi walikuwa nje kwenye parking wakati wa mapumziko, wameegemea magari, wanakunywa kahawa ya barafu. Mapumziko yalikuwa yamekwisha kitambo na hakuna aliyejali. Sensei alikuwa ndani, ameinama, anakaza kamba za shime. Hedimasta alisimama mlangoni akiwatazama wale watu wazima wanaochelewa kwa raha zao, na niliona shingo yake inavimba.

Mlango mkubwa wa ghala ulizuiwa usijifunge kwa ringi tupu ya gari, tairi lake lilishageuzwa ngoma. Aliiinua, licha ya goti lake, akaitundika kwenye ndoano ya ukutani. Akachukua spana ya Sensei. Akapiga.

Koo. Kimya. Koo. Kimya kidogo. Koo, koo, kisha zikaanza kusogeana, zikakimbia, zikawa sauti moja ndefu inayotetemeka, halafu, ghafla, basi.

Nilikuwa nimekaa garini na mkanda nimefunga. Sauti ilipokatika nilikuwa ndani ya ghala, nimesimama wima, mikono ubavuni, nahema, kahawa yangu sijui niliitupa wapi. Ilikuwa kengele ya paredi. Kila shule niliyoijua ilikuwa na chuma chake kinachoning'inia, na mkono wa hedimasta ukikipiga hivyohivyo: kwanza polepole ili usikie, kisha upesi ili ukimbie, na ikinyamaza hujafika mstarini, siku yako imeharibika. Hapo ndipo nilipoelewa mlango wangu, na nyimbo za kanisani, na tairi, na Anoka. Mikono ile haikuwa mibovu. Ilikuwa imepiga kitu kimoja maisha yake yote.

Wazungu walikuja wakijikokota, wakiuliza kuna nini. Sensei alikuwa amesimama, mdomo wazi.

"Fanya tena," alisema.

"Samahani. Walikuwa wamechelewa."

"Tafadhali, Hedimasta. Tena."

Akafanya tena, taratibu, haya zimemjaa, mpaka ikakimbia. Sensei alimchukua mkono kama mtoto, akamvusha ghala zima, akamsimamisha mbele ya odaiko. Alimwambia mdundo ule upo. Ndio unaofungua wimbo, ndio wa ngoma kubwa, na unaitwa oroshi. Wanafunzi wake wote huukosea, kwani huharakisha mapema mno au huchelewa, na yeye mwenyewe iliwahi kumchukua miaka kuupata.

"Wewe unao," alisema. Akafikiri kidogo, maana alikuwa mkweli. "Huna kingine chochote. Lakini huu unao."

"Oroshi," alisema Hedimasta. Akalirudia polepole, kama alivyokuwa akinifundisha mimi garini. Kisha akanigeukia, macho yamemjaa maji. "Sista, nimeupiga miaka yote hiyo na sikujua jina lake."

Sherehe ilikuwa Jumamosi ya mwisho kabla ya safari yake, katika bustani moja ya Saint Paul kando ya ziwa, ambako Wajapani na marafiki zao hukusanyika kila majira ya joto. Wakenya wa Coon Rapids tulikuja wote kumuaga, na tulikuja kama tunavyokuja: tumechelewa, na pilau kwenye sufuria. Mimi nilitoka kazini moja kwa moja na scrubs zangu. Tulitandika mablanketi mbali na jukwaa, chini ya kivuli, tukapakua.

Wapigaji walipanda wamevaa vile vikoti vyao vifupi vinavyoachwa wazi juu ya suruali. Hedimasta alikuwa amekichomekea chake, kote kote, na mkanda juu.

"Kwani hawakumwambia?" nilimuuliza binti yake.

"Walimwambia. Aliwaambia Japani ina maoni yake."

Alitembea mpaka mbele ya odaiko. Akatuangalia, sisi na umati wote, uso wake ukiwa na wasiwasi ambao sikuwahi kuuona. Kisha akageuka, akatupa mgongo. Niliona jinsi ilivyomgharimu. Mabega yalimpanda mpaka masikioni. Akainua vijiti.

Don. Kimya kirefu, bata wakasikika ziwani. Don.

Dereva mmoja wa lori mwenye ndevu aliweka chini sahani yake. Don, don. Mama mmoja wa kwaya akaacha kupakua, mwiko ukabaki kwenye pilau. Nilijikuta nimesimama. Hakuna aliyetuita, na hakuna aliyemwangalia mwenzake. Ngoma ilipoanza kukaza mwendo tulikuwa tunatembea, ilipokaza zaidi tulikuwa tunakimbia, watu wazima na vitambi vyetu, tunaruka mablanketi ya wengine.

"Mom, where are you going?" mjukuu aliita nyuma yetu. Mama yake alikuwa anameza pilau huku anakimbia.

Iliponyamaza tulikuwa mbele ya jukwaa. Sijui nani aliyetupanga. Wafupi walikuwa mbele, warefu nyuma, mikono ubavuni, na watu wengine wa bustani walitutazama wakidhani ni sehemu ya onyesho.

Hedimasta alibaki amesimama, vijiti juu, mgongo kwetu. Aligeuka taratibu sana, kama mtu anayeogopa atakuta uwanja mtupu. Akatuona. Alianza mwanzo wa mstari, akaenda uso kwa uso mpaka mwisho, midomo inacheza, naamini alikuwa anatuita majina. Machozi yalimtiririka na hakuyafuta, maana mikono ilikuwa na bachi.

Kisha macho yake yakarudi katikati ya mstari, yakasimama kwangu, yakashuka kiunoni.

"Sista," alisema, kutoka jukwaani, mbele ya watu wote. "Shati."

Nikachomekea.